Mitutu ya kaboni: Bei juu, joto ndani

Kwa wauza bunduki za kuwindia nchini Marekani, mtutu uliovikwa nyuzi za kaboni ni bidhaa ambayo duka haliwezi tena kuikosa. Teknolojia yenyewe si ngeni. Ilianza kuonekana sokoni miaka ya 1990, ikiwa ya wachache wenye uwezo. Leo mtutu wa chuma wa daraja la juu, kabla ya kufungwa, huuzwa kwa kati ya dola 300 na 450, na wa kaboni huanzia dola 700 na unaweza kupita 1,000. Pengo hilo linalisha viwanda, mafundi na maduka, na ndilo linalozaa ugomvi.

Ugomvi ni wa joto. Vipeperushi vya kibiashara hupenda kusema kaboni hupoza mtutu upesi kuliko chuma. Mfanyabiashara mmoja mwenye duka na karakana ndogo katika jimbo la magharibi mwa nchi hiyo, aliyeomba asitajwe kwa sababu bado anachukua mali kwa mkopo kutoka viwandani, anasema kauli hiyo inamtia hasara kila msimu. Mteja ananunua, anakwenda uwanja wa shabaha na kupiga risasi ishirini bila kupumzika. Tano za kwanza zinakaa pamoja. Za mwisho zinatambaa pembeni. Kesho yake bunduki inarudi dukani.

Akiwaandikia kiwandani, kwa maelezo yake, anajibiwa kwamba mtutu ni mzima, mteja auache upoe kila baada ya risasi tatu hadi tano. Hapo ndipo anapokasirika. Kama nao unahitaji kupumzishwa sawa na wa chuma, anauliza, zile dola 400 za ziada mteja alilipia nini? Kazi ya kuufungua mtutu, kufunga mwingine na kuujaribu upya hailipwi na mtu. Nauli ya kurudisha mzigo ni yake. Na mteja hamlaumu mtengenezaji asiyemjua, anamlaumu aliyempokea fedha. Hata hivyo anaendelea kuiuza mitutu hiyo, maana asipokuwa nayo mteja atavuka barabara. Siku hizi, anasema, humwambia kila mnunuzi kabla hajatoa pochi: nunua wepesi, usinunue ubaridi.

Afisa wa upande wa viwanda anayapinga haya. Anadai gundi inayoshika nyuzi hizo imetiwa vichanganyio vya kupitisha joto. Alipoombwa vipimo vya mtutu mzima, si vya gundi peke yake, alisema ni siri ya biashara. Siri hiyo inashangaza, kwa sababu ndiyo wanayoitangaza.

Maumbile ya vitu hayako upande wa vipeperushi. Chuma kisichoshika kutu kinachotumika kwenye mitutu hupitisha joto kwa takriban wati 25 kwa mita kwa kila digrii. Tabaka la kawaida la kaboni na epoksi, joto likilipenya kutoka ndani kwenda nje, kwa kawaida halifiki wati 1. Nyuzi zenyewe hupitisha vizuri zaidi kwa urefu wake, na zile zinazotokana na lami hufikia mamia ya wati. Lakini hizo ni ghali, huvunjika kirahisi, na bado zinalipeleka joto kwa kufuata uzi badala ya kulitoa nje.

Fanya hesabu ya mezani. Risasi moja ya kaliba ya .308 huacha takriban kilojuli 2 hadi 3 za joto kwenye mtutu. Ukipiga kumi mfululizo, mtutu mzito wa chuma wa kilo 2.5 utapanda kama digrii 20. Wa kaboni una bomba jembamba la chuma ndani yake, uzito wake haufiki nusu ya hapo, na bomba hilo litapanda mara mbili au zaidi kabla joto halijapenya koti. Kwa nje, kiganja hakisikii kitu. Wapigaji waliozoea kupima joto kwa mkono hudhani mtutu umepoa, kumbe umefunikwa blanketi. Wanaendelea kupiga, na koo la mtutu, mahali pale mbele ya chemba ambapo gesi ya baruti hupita ikiwa na zaidi ya digrii 2,000, linaliwa. Koo likishaliwa, koti la kaboni halina msaada. Mtutu wote hutupwa.

Kuna mambo mawili ya haki kwa viwanda. Uso mweusi hutoa joto kwa mnururisho vizuri kuliko chuma kilichong'arishwa, na kwa kuwa nje hapapati moto haraka, mazigazi mbele ya darubini huchelewa. Mpigaji huyaona hayo na kuyaita ubaridi. Suala jingine, ambalo halitajwi sana, ni kutanuka: chuma hurefuka kwa joto, kaboni kwa urefu wa uzi karibu haibadiliki. Fundi mzuri hupanga mielekeo ya nyuzi ili vitu hivi viwili visivutane. Fundi wa bei rahisi huuza mvutano huo pamoja na mtutu.

Vipeperushi pia hupenda kuulinganisha mtutu wa kaboni na ule mzito wa chuma. Mtutu mwembamba wa chuma wa kuwindia una uzito wa karibu kilo 1.3, sawasawa na wa kaboni, kwa nusu ya bei. Tofauti ya kweli ni ugumu: wa kaboni ni mnene, haupindi kirahisi. Wanaoshindana kwa saa, wakipiga risasi kumi au kumi na mbili ndani ya dakika moja na nusu au mbili, bado wengi wao hutumia chuma kizito, na hao hulipia mitutu kutoka mifukoni mwao.

Kodi nayo ina sehemu yake. Kwa utaratibu wa tangu sheria ya uhifadhi ya Marekani ya 1937, bunduki ndefu inatozwa asilimia 11 ya bei ya kiwandani, fedha zinazokwenda kwa wanyamapori. Kila dola 400 zinazoongezwa na kaboni kwenye bei hiyo ya kiwandani huongeza dola 44 za kodi. Wahifadhi hawalalamiki.

Huku kwetu jambo hili linagusa kidogo. Mwindaji mtalii anayekuja Tanzania na bunduki yake hupiga nyati risasi mbili au tatu, na hapo joto la mtutu si hoja.

Bei huenda zikashuka kadiri karakana zaidi zinavyojifunza kusokota nyuzi, ingawa kazi ya mikono na mashine, si malighafi, ndiyo inayokula gharama kubwa, hivyo nafuu inaweza kuwa ndogo. Anayepanda milima mirefu siku nzima kwa risasi moja au mbili anapata thamani ya fedha yake. Anayetaka kupiga mfululizo amdai muuzaji vipimo vya chuma cha ndani baada ya risasi ishirini, na akikosa, anunue chuma.