Kompyuta yetu haijafa: michezo ya watoto kwenye Linux, na wale wanaoitengeneza



Juma hili nataka tuongee juu ya kitu ambacho wengi wetu tunawaachia wanaume na vijana: michezo ya kompyuta. Musiruke ukurasa. Habari hii inagusa franka za kikundi chetu, na karibu itugawanye.

Mwisho wa mwaka 2025, kisha kuvunja likelemba, sisi wamama 12 tulichanga dola 120 tukanunua kompyuta ya okazioni. Tulikuwa na sababu mbili: kuandika mahesabu ya kikundi, na kuwapa watoto kazi nzuri siku ya posho. Mimi nilikuwa na sababu ya tatu, ya siri. Kijana wangu wa miaka 12 alikuwa anachukua franka za sukari nyumbani, 500 leo, 500 kesho, anaenda kulipa mchezo wa mpira kwenye kibanda cha PlayStation. Nilijisemea: akipata mchezo karibu, sukari itabaki ndani ya kopo.

Muuzaji alituambia kwamba mashine ina Windows 10 na haina shida yoyote. Fundi wetu alipoifungua akatikisa kichwa. Alitueleza kwamba tangu tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 2025, kampuni ya Microsoft imeacha kuziba matundu ya Windows 10 bure kama zamani. Windows 11 nayo inakataa kompyuta nyingi za mbele ya mwaka 2018, na yetu ilikuwa kati ya hizo. Kwa hiyo akatuwekea Linux, aina inayoitwa Linux Mint. Haikutuomba hata franka moja ya leseni. Tulifurahi.

Furaha ilidumu siku mbili. Siku ya posho kijana wangu alikuja na rafiki zake na flashi yenye mchezo mpya wa mpira. Kompyuta ikaukataa. Wakajaribu tena, ikakataa tena. Alirudi nyumbani macho mekundu, akaniambia: "Mama, mulinunua mashine ya kuandika barua." Kesho yake, kisha ibada, shemeji yangu, ambaye naye alichanga, akasema mbele ya wote kwamba tumedanganywa, kompyuta imekufa, tuiuze hata kwa dola 50 mbele haijaoza. Wamama watano wakamuunga mkono. Mama prezida akaniangalia mimi, kwa sababu ni mimi niliyeleta wazo.

Niliomba juma mbili. Mimi ni mwalimu. Mtoto akikosa hesabu, simfukuzi. Kwanza natafuta ni mstari gani uliomshinda. Niliona kompyuta nayo ina haki hiyo.

Kwa nini mchezo unakataa

Hiki ndicho nilichojifunza, na fundi alinivumilia sana kwa maulizo yangu.

Kila kompyuta ina programu mama inayoongoza zingine zote. Kwa mashine nyingi hapa kwetu programu mama hiyo ni Windows. Linux ni nyingine. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi kule Helsinki, Finland, na tangu hapo watu wa dunia nzima wanaijenga pamoja na kuigawa bure. Alama yake ni pengwini anayeitwa Tux.

Mchezo nao hutengenezwa kwa ajili ya programu mama fulani. Ni kama kitenge kilichokwisha kushonwa: kimeshonwa kwa kipimo cha mtu mmoja, mwingine akikivaa kinambana mabega. Mashine haina ugonjwa. Mshonaji hakuchukua kipimo chetu.

Na kwa nini hakuchukua? Kwa sababu ya soko. Mwezi wa 10 mwaka 2025, kati ya wachezaji wa Steam, duka kubwa la michezo ya kompyuta, wale wa Linux walikuwa 3 tu kwa 100, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kufika hapo. Mama anayeuza sambaza anaelewa: nani atabeba beseni mpaka mlima wa mbali kwa ajili ya wanunuzi watatu?

Kuna sababu nyingine. Michezo mingi mikubwa ya kuchezwa na watu wengi kwa intaneti ina programu ya ulinzi, kama askari wa mlangoni, ya kukamata wanaoiba ushindi. Askari huyo amefundishwa kulinda nyumba ya Windows tu. Ndiyo maana mchezo wa mpira EA SPORTS FC hauingii kwenye Linux. Fortnite ni vilevile. Apex Legends ulikuwa unakubali, lakini mwezi wa 10 mwaka 2024 kampuni ikafunga mlango, ikisema wezi wanapitia humo. Rocket League, ule wa magari yanayocheza mpira, uliwaacha watu wa Linux mwezi wa 3 mwaka 2020, hata wale waliokuwa wamekwisha kuununua.

Wamama, hapo niliwaza sana. Milima yetu ya Numbi inatoa koltani, na ndani ya koltani kuna tantali, madini yanayotumiwa katika vipande vidogo vya simu, kompyuta na mashine za michezo. Mwaka 2000, PlayStation 2 ilipotoka, bei ya koltani ilipanda kwa kishindo, na wazee wetu wanakumbuka yaliyofuata. Udongo wetu umo ndani ya mashine hizi, lakini anayetengeneza mchezo anapohesabu wateja wake, mtoto wa Kalehe mwenye kompyuta ya okazioni hahesabiwi.

Si wote waliotuacha

Lakini nisiwaambie upande mmoja tu. Kuna waliofanya kazi ya mkalimani. Tangu mwaka 1993 kuna programu inayoitwa Wine, ambayo inausikiliza mchezo wa Windows na kuutafsiria Linux. Juu ya msingi huo kampuni ya Valve, wenye duka la Steam, walitoa Proton mwaka 2018. Mwaka 2022 wakauza mashine yao ya mkononi, Steam Deck, inayotembea kwa Linux yenyewe. Tangu hapo maelfu ya michezo ya Windows inachezeka kwenye Linux bila mtengenezaji kuishona upya. Kwa mashine nguvu yenye intaneti nzuri, hiyo ni habari njema. Kwa mashine yetu ya dola 120, na bei ya mega tunayoijua, ni habari njema ya jirani.

Habari yetu sisi ilikuwa kwingine. Kuna watengenezaji ambao wanaanzia kwenye Linux, wanagawa kazi yao bure, na hawafungi mlango kesho. Fundi alituletea michezo minne kwenye flashi yake, na tuliilipia franka za kazi yake tu.

Wa kwanza ni GCompris. Ulianzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Bruno Coudoin, na jina lake linatokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya "nimeelewa". Una mazoezi zaidi ya 150 kwa watoto wa miaka 2 mpaka 10: herufi, kuhesabu, kusoma saa, kupima kwa mizani, kulipa franka na kurudisha chenji, hata mchezo wa sataranji. Unasema Kifaransa kwa sauti, kwa hiyo mtoto anayetoka darasa la Kiswahili anazoea Kifaransa mbele hakijamkuta darasani. Na musikie hili: kwa miaka mingi watu wa Windows walilipa ili kufungua mazoezi yote, lakini watu wa Linux walipata yote bure. Mwaka 2020 wakaufungua kwa wote.

Wa pili ni Tux Paint, wa kuchora, ulioanza mwaka 2002. Wa tatu ni TuxMath: vimondo vinaanguka kutoka mbinguni, na kila kimoja kina hesabu, mtoto akijibu, kimondo kinapasuka. Wa nne ni SuperTuxKart, mbio za magari madogo, na watoto wawili wanaweza kushindana kwenye kompyuta moja. Yote minne inacheza bila intaneti ikiisha kuwekwa.

Siku ya posho iliyofuata

Mama prezida alikubali tujaribu posho moja. Nilikaa nyuma kama ninavyofanya wakati wa kuangalia wanafunzi wa mazoezi. Kwanza wavulana walinuna. Kisha msichana wa miaka 9, ambaye kwa sababu ya vita na kuhama alipoteza karibu mwaka mzima wa masomo, akakaa kwenye TuxMath. Darasani huyu huficha daftari kwa mkono ili nisione makosa yake. Pale alikosa, kimondo kikaanguka, akacheka, akaanza upya. Alikosa mara nyingi bila mtu kumgombeza. Saa moja ilipoisha alikuwa anajibu jedwali la 6 mbele kimondo hakijafika katikati.

Kijana wangu alishinda mbio tatu za SuperTuxKart, akasahau kununa. Nisidanganye: bado anapenda mpira, na mara moja kwa juma namruhusu kibandani kwa franka ninazompa mwenyewe. Lakini kopo la sukari limetulia.

Shemeji yangu alikuja jioni kuchukua watoto wake. Hakusema kitu. Alisimama akaangalia binti yake anavyorudisha chenji kwenye GCompris, kisha akaniuliza kama mtu mzima naye anaweza kujaribu mahesabu yale. Kompyuta haikuuzwa.

Mbele ya kununua

Wamama wa vikundi vingine, kama munakusanya franka za kompyuta, mufanye hivi:

Muulize muuzaji mashine ni ya mwaka gani, na kama inakubali Windows 11. Kama haikubali, bei ishuke, kwa sababu mutaihitaji Linux.

Mulete fundi mwenye Linux kwenye flashi. Linux Mint inaweza kuwashwa kutoka flashi mbele ya kuiweka ndani. Muangalie sauti, kioo, intaneti na batri papo hapo. Mashine iwe na kumbukumbu ya giga 2 kwa uchache. Giga 4 ni bora.

Muulize mtoto anataka mchezo gani, halafu mumwambie fundi auonyeshe ukitembea. Ahadi ya mdomo si mchezo. Kama ni mchezo wa kampuni kubwa wenye askari wa mlangoni, mumwambie mtoto ukweli siku ileile, asije akadhani mama yake amedanganywa.

Muombe michezo yote kwenye flashi ya kikundi. Faili ya Linux Mint pekee ni karibu giga 3. Mkipakua mara moja na kugawana, munaokoa mega za vikundi kumi.

Mupange saa. Kwetu kila mtoto ana dakika 30, wasichana na wavulana kwa zamu sawa, na mama mmoja anakaa karibu. Paneli ya jua inajaza batri asubuhi. Batri ikiisha, mchezo umeisha, na hakuna wa kulaumiwa.

Kazi iliyobaki kwetu

Neno la mwisho. Michezo hii ya bure inatafsiriwa na watu wa kawaida wanaojitolea. Hatuanzi sisi. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Walimu na wataalamu walikaa wakakubaliana neno kwa neno. Nasi tunajua Kiswahili, tunajua Kifaransa, na tunajua namna mtoto anavyoelezwa ili aelewe. Kampuni kubwa haitamsikiliza mwalimu wa Kalehe. Watengenezaji wa michezo hii huomba wasaidizi wenyewe.

Nimeanza kuandika katika daftari maneno ya mchezo wa kuhesabu, Kifaransa upande mmoja, Kiswahili upande mwingine. "Anza", "jaribu tena", "umeshinda". Neno "niveau" bado linanisumbua: wengine wanasema "kiwango", watoto wangu wanasema "ngazi". Mama mwenye wazo, aniletee siku ya kikao. Binti wa jedwali la 6 amekwisha kuniambia lake: anataka mashine ikimwona amekosa isimwandikie "umekosa", imwandikie "jaribu tena, mwanangu".