Foklifti mpya, betri nzima, lakini inazima ghafla. Shida iko wapi?

Robota moja la mkonge lina kilo 250. Manne ni tani. Ghala la mkonge, iwe ni huku Magoma wilayani Korogwe au kule bandarini Tanga, foklifti ikigoma tu, lori linasimama na vibarua wanaanza kuumia migongo.

Foklifti za zamani zilikuwa na waya chache, fundi alisikiliza injini akajua ugonjwa. Za sasa zina kompyuta ndogo inayosoma sensa za kiti, kanyagio, breki na mlingoti. Ikipata taarifa isiyoeleweka, inazima mashine kwa usalama. Kwa hiyo pini moja ya soketi iliyolegea inaweza kulaza mashine nzima.

Wengi hukimbilia kununua kompyuta mpya, ambayo ni ghali. Mara nyingi haina kosa. Adui ni vumbi, mtikisiko na unyevu. Vumbi la mkonge ni nyuzi fupi: linajaa kwenye soketi na feni, likilowa linashika maji. Karibu na bahari kuna chumvi pia, ndiyo ile kutu ya kijani kwenye terminali.

Dalili zinasaidia. Inazima ikipita kwenye shimo, kisha inawaka tena? Angalia waya na soketi. Asubuhi iko poa, saa nane mchana inagoma? Hilo ni joto, anza na feni. Haiwaki kabisa? Betri, terminali na fyuzi kwanza.

Kabla ya kuchomoa betri, andika kodi iliyopo kwenye dashibodi, maana inaweza kupotea. Kwa foklifti ya dizeli, pima volti kati ya hasi ya betri na bodi wakati wa kupiga stata. Ikizidi nusu volti, ethi ni mbovu. Ya umeme ni kinyume: nyingi hazitakiwi betri iguse bodi, na vumbi lenye unyevu juu ya betri linaweza kuvujisha umeme.

Kuna mafundi wanaunga moja kwa moja waya za swichi ya kiti ili kazi iendelee. Swichi ile ndiyo inayojua kama dereva yupo. Akishuka au akidondoka gia ikiwa imeingia, mashine itaendelea kutembea na robota zake.

Na usiioshe kwa maji ya presha. Pulizia hewa kavu kila baada ya zamu, soketi zikiwa zimefungwa.