Kizuri Chajiuza: Biashara ya Kufufua Fanicha Kuukuu

Katika makala haya nataka kuwaeleza biashara moja ambayo wengi wetu huipita kila siku bila kuitilia maanani. Ni biashara ya kununua viti, meza na makabati kuukuu, kuyatengeneza, kuyapaka rangi na kuyauza tena kwa faida. Kiswahili sanifu husema samani, lakini huku Kisumu kila mtu husema fanicha. Nitatumia neno hilo la pili ili tuelewane.

Mimi naishi Manyatta. Tangu nilipoingia kidato cha kwanza nimekuwa nikimsaidia mjomba wangu kazi hii nyuma ya nyumba yetu, jioni baada ya masomo na siku za Jumamosi. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2008 serikali hulipia masomo katika shule za sekondari za kutwa, lakini chakula cha mchana, sare na viatu ni mzigo wa mzazi. Mama huuza samaki, na kuna wiki ambazo samaki hawapatikani. Wiki hizo kiti kilichouzwa ndicho kinachoniweka darasani. Kwa hivyo haya ninayoyaandika si ya kusimuliwa.

KWA NINI FANICHA KUUKUU?

Sababu ya kwanza ni bei ya mbao. Mnamo Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, na mbao zikapanda bei. Mwaka 2023 Rais William Ruto alitangaza kuondoa marufuku hiyo, lakini mnunuzi wa kawaida bado huona meza mpya ya mbao nzuri ni ghali. Meza ya zamani tayari ina mbao ndani yake, tena mbao zilizokauka vizuri ambazo hazitapinda.

Sababu ya pili ni kwamba Kisumu ni mji wa watu wa kuja na kwenda. Mwalimu akipata uhamisho, au mfanyakazi wa shirika akimaliza mkataba wake Milimani, hataki kubeba kabati hadi Nairobi au Kitale. Huliuza kwa bei ya kutupa. Kwa upande mwingine, kijana aliyepanga chumba chake cha kwanza Nyalenda au Kondele anatafuta meza moja na viti viwili, na mfuko wake si mzito. Mfanyabiashara husimama katikati ya hawa wawili.

Ukitaka kuona bei zilivyo, nenda soko la Kibuye siku ya Jumapili. Hapo utawakuta mafundi wa jua kali wakitengeneza vitanda, sofa na makabati mapya. Mafundi hawa waliitwa jua kali kwa sababu walifanya kazi zao nje, bila paa. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji kule Nairobi akaahidi kuwajengea vibanda, na mwaka 1992 serikali ikatoa waraka maalum juu ya biashara ndogondogo na jua kali. Mjomba hunituma Kibuye kuuliza bei ya kitu kipya kabla hatujanunua kilichotumika. Kanuni yake ni kwamba kitu kuukuu kikishatengenezwa kisizidi nusu ya bei ya kipya hadi theluthi mbili. Kikizidi hapo, mteja atanunua kipya, na hatakuwa na makosa.

KUCHAGUA

Faida hupatikana siku ya kununua. Ukinunua vibaya, hata rangi ya dhahabu haitakuokoa. Mimi hufanya mambo manne.

Kwanza, kikamate kiti na ukitikise. Kikiyumba kwenye maungio, si neno, gundi itatosha. Lakini mguu ukiwa umepasuka kwa urefu, achana nacho.

Pili, kipindue utazame chini. Wauzaji hufuta juu tu. Chini ndiko utakakoona matundu madogo na unga laini kama wa mahindi, dalili ya vidudu vinavyotoboa mbao, au njia za udongo za mchwa. Chomeka msumari mwembamba. Ukiingia kama unaoingia kwenye ndizi, mwambie mwenye mali asante na uende zako.

Tatu, tambua mbao yenyewe. Mvule na mahogani ni mbao nzito za heshima, na mvule haupendwi na mchwa. Ukipata kiti cha mvule usikipake rangi ya kufunika! Kisugue, ukipake vanishi, mistari ya mbao ionekane. Mteja wa mvule analipia ile mistari. Saipras na mkaratusi ndizo mbao za kupakwa rangi. Ile inayoitwa chipubodi, yaani unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi, ikiingiwa na maji huvimba kama mandazi na hairudi tena. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda kuliko yalivyowahi kupimwa, yakaingia nyumba za watu wengi wa kandokando ya ziwa. Baada ya hapo makabati ya chipubodi yaliuzwa kwa bei rahisi mno. Mjomba hakununua hata moja.

Nne, uliza kilikotoka. Mtu anayeuza meza usiku, bila kukuonyesha nyumba ilikotoka, anakuuzia kesi.

KUTENGENEZA NA KUPAKA

Kazi yenyewe ina hatua, na kila hatua ina sababu yake.

Anza kwa kuosha. Tumia maji vuguvugu na sabuni, halafu acha kitu kikauke siku nzima. Mafuta ya mikono na moshi wa jikoni huzuia rangi kushika. Kisha tengeneza: toa misumari iliyolegea, tia gundi kwenye maungio, funga kwa kamba ya mpira na uache hadi kesho yake. Matundu huzibwa kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, ambao mafundi hutumia badala ya dawa ya dukani. Kiti kilichotoboka makalio kinaweza kusukwa upya. Hapa Kisumu wapo mafundi wanaosuka kwa magugu maji yaliyokaushwa, yale yale yaliyoanza kulivamia ziwa letu yapata mwaka 1990 na kuwafungia wavuvi njia. Adui amegeuzwa kuwa kiti.

Baada ya hapo ni msasa. Anza na ulio mkali, malizia na laini, na ufuate mistari ya mbao, usiikate. Msasa una kazi mbili: kulainisha, na kuikwaruza rangi ya zamani ili mpya ipate pa kushika. Rangi mpya juu ya rangi inayong'aa, bila msasa, hubanduka kama ganda la yai. Pangusa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu.

Sasa paka rangi ya msingi, ile nyeupe isiyong'aa. Ikikauka, pitisha msasa laini kidogo, kisha paka rangi ya mafuta mara mbili, nyembamba nyembamba. Wengi hupaka mara moja nzito wakidhani wanaokoa wakati. Juu hukauka, ndani hubaki mbichi, na mteja akikalia huondoka na alama kwenye suruali! Katika mji wetu kuna jambo la ziada: mvua ya alasiri kutoka ziwani, hasa Machi hadi Mei. Miezi hiyo sisi hupaka asubuhi ya Jumamosi, na hatupaki kabisa mahali pasipo na paa.

HATARI ILIYO KWENYE RANGI YA ZAMANI

Hapa naomba msomaji asome polepole. Rangi nyingi za zamani, hasa za njano na nyekundu zinazong'aa, zilitiwa madini ya risasi ili zikauke haraka na kuwa na rangi kali. Siku hizi kiwango cha juu kinachoruhusiwa nchini ni sehemu 90 katika kila milioni, lakini kitanda cha miaka thelathini iliyopita hakijui sheria hiyo. Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto huharibu ubongo, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Wakenya tumeyaona madhara yake: katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, watu waliathiriwa na risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu. Phyllis Omido, aliyewatetea, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015.

Kwa hivyo, rangi ya zamani isisuguliwe ikiwa kavu. Tumia msasa wa maji, ulowanishe, vumbi lisiruke. Funga pua na mdomo, fanya kazi nje, mbali na watoto na sufuria, na usiichome mbao hiyo jikoni. Nawa kabla ya kula. Mdogo wangu wa miaka miwili hushika kila kitu na kukitia mdomoni, ndiyo maana mjomba amepiga mstari wa mawe uani: ng'ambo ya mawe mtoto hapiti.

Mwaka jana jirani mmoja alituletea kitanda cha mtoto cha chuma na mbao, rangi ya njano imeanza kubambuka. Alitaka tupake nyeupe juu yake haraka haraka apate kukiuza, na angetulipa shilingi 1,500. Wakati huo nilikuwa ninadaiwa hela ya chakula cha shule. Mjomba akamwambia, "Ndugu yangu, mtoto huota meno kwa kutafuna hiki kitanda. Rangi yangu ataimaliza kwa wiki moja, afike kwenye ile ya chini." Jirani alikasirika akaenda zake. Mimi nilikula viazi vya kutoka nyumbani karibu mwezi mzima, lakini sikumlaumu mjomba.

HESABU

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hili hapa ni kabati dogo moja kutoka daftari letu:

Kununua: sh. 1,200
Mkokoteni: sh. 200
Msasa: sh. 160
Gundi na misumari: sh. 140
Rangi: sh. 450
Tina: sh. 120
Brashi: sh. 130
Jumla: sh. 2,400

Tuliliuza sh. 4,000. Faida ni sh. 1,600. Watu wengi huishia hapo na kufurahi, lakini sisi tulifanya kazi saa kumi kwa jumla, kwa hivyo kila saa ilituletea sh. 160. Sasa tazama hatari ya kupunguza bei. Kama tungekubali sh. 3,200, tungekuwa tumepunguza moja ya tano tu ya bei, lakini faida ingeshuka hadi sh. 800, yaani nusu nzima! Punguzo halitoki kwenye gharama, hutoka kwenye faida peke yake. Ndiyo sababu kabla ya kuita mteja ni lazima ujue mahali utakapokataa.

Jambo jingine ni kitu kisichonunuliwa. Kabati likikaa uani wiki sita, pesa zako zimelala humo. Afadhali kuuza kwa faida ndogo ukanunue kingine kuliko kusubiri bwana mkubwa asiyekuja.

KUUZA

Osha kitu, kiweke palipo na mwanga na useme ukweli. Kama mguu mmoja ulibadilishwa, mwonyeshe mteja. Rangi ina uwezo wa kuficha mbao iliyooza, na fundi mdanganyifu huitumia hivyo, lakini huuza mara moja tu. Wateja wetu wengi ni watu walioletwa na wateja wengine, na mtaa una masikio.

Wenzangu, sisemi tuache masomo tukashike brashi. Nasema kwamba hesabu ya faida na hasara tunayofundishwa darasani ipo uani kwetu, na madini tunayoyasoma kwenye kemia yapo kwenye kitanda cha jirani. Mwenye kutaka kujaribu aanze na stuli moja tu, ile mbovu iliyo nyumbani, kwa idhini ya mzazi. Akiimaliza vizuri, haitamlazimu kuitembeza: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.