Kijitabu cha Mfukoni na Lugha ya Kimongolia

Madhumuni ya makala haya ni kuchungua jambo ambalo sisi wataalamu wa lugha hulipuuza mara nyingi, nalo ni kijitabu cha sentensi ambacho msafiri hukitia mfukoni akitumaini kujifunza lugha ngeni njiani. Nimechagua Kimongolia, hasa lahaja ya Khalkha isemwayo Ulaanbaatar na katika sehemu kubwa ya Mongolia. Lugha hiyo haina udugu na Kiswahili, hivyo manufaa na upungufu wa kijitabu huonekana waziwazi.

Tuanze na matamshi. Tangu mwaka 1946 Kimongolia cha Mongolia huandikwa rasmi kwa herufi za Kisirili. Herufi hizo ni 35, yaani 33 za Kirusi pamoja na mbili zilizoongezwa kwa ajili ya irabu za Kimongolia. Vijitabu vingi huzigeuza kuwa herufi za Kilatini, na hapo ndipo msafiri anapoanza kupotea. Us ni maji. Üs ni nywele. Msemaji wa Kiswahili atadhani kwamba u isiyo na nukta ndiyo u yake. Sivyo. Irabu ya üs ndiyo iliyo karibu na u yetu, na ile ya us huelekea o. Basi mwenye kiu akitamka us kwa ulimi wa Kiswahili, aweza kusikiwa akiomba nywele.

Jambo la pili ni muundo. Kijitabu humpa msafiri sentensi nzima, naye huikariri kama hirizi, asijue imeungwaje. Tutazame maneno manne: uulaas, kutoka mlimani, gerees, kutoka nyumbani, Mongoloos, kutoka Mongolia, tövöös, kutoka katikati. Kiambishi ni kimoja tu, ila irabu yake hufuata irabu za shina. Hali kadhalika swali huishia kwa uu katika yavakh uu? (utakwenda?) na kwa üü katika irekh üü? (utakuja?). Jambo hili lisitushangaze. Sisi wenyewe husema pikia lakini somea, fungia lakini chekea, wala hakuna mtoto wa Kiswahili anayefundishwa kanuni hiyo. Msafiri akiukumbuka upatanifu huo wa lugha yake, sentensi kumi za kijitabu zitamzalia nyingine nyingi.

Jambo la tatu ni matumizi, nalo ni zito kuliko yote. Mgeni akikaribia ger, yaani hema la duara la wafugaji, desturi ni kusema kwa sauti nokhoi khor! Kijitabu kitafasiri, "Zuia mbwa!" Tafsiri hiyo ni sahihi neno kwa neno, lakini haimwambii mgeni alichotamka. Maneno hayo husemwa hata pasipokuwa na mbwa, kwa maana kazi yake ni kuwajulisha wenyeji kwamba mtu amefika. Mswahili angefasiri kwa neno moja: "Hodi!" Tena mfugaji aweza kuulizwa wakati wa kiangazi, saikhan zusaj baina uu?, yaani je, anapitisha majira hayo vyema? Asiyejua kwamba hiyo ni salamu ataanza kueleza habari za hewa.

Hapa sisi wa Afrika ya Mashariki tunalo la kukumbuka. Vijitabu vingi vilivyotungwa zamani za ukoloni ili kuwafundisha wageni Kiswahili vilijaa amri: lete, ondoa, fanya upesi. Mwenye kuvikariri alijifunza maneno, na pamoja nayo alijifunza namna ya kutazama watu. Kwa hiyo uteuzi wa sentensi si jambo dogo. Huamua kama msomaji ataingia kwa watu kama mgeni au kama bwana.

Je, kijitabu kitupwe? La. Kina kasoro moja isiyoepukika: humwezesha mtu kuuliza, lakini hakimwezeshi kuelewa ajibiwalo. Lakini mwenye kukitumia kwa busara atajizoeza kusikia hesabu kabla ya kuuliza bei, ataipasua kila sentensi aone viungo vyake, na atamwuliza mwenyeji si maana ya neno tu, bali hutamkwa lini na nani humwambia nani. Akifanya hivyo, kijitabu kitakuwa kimetimiza kazi yake, nayo ni kumbishia hodi. Kukaribishwa ni kazi ya wenyeji.