Gari letu la rimoti lilikataa kona ya kushoto, na kosa lilikuwa langu

Juu ya ploti yetu hapa Pipeline, kupita ghorofa ya saba, kuna nafasi kidogo kati ya matangi ya maji na kamba za nguo. Jumapili asubuhi, kabla akina mama hawajapanda na beseni zao, hapo ndipo tulikuwa tunakimbiza gari letu la rimoti.

Siku hiyo likaingia kona ya kushoto, nyuma ikachomoka, likazunguka mara mbili na kwenda kugonga ukuta wa pembeni. Ukuta wenyewe unanifika magotini tu. Pale chini ya ukuta kuna tundu la kutoa maji ya mvua, na pua ya gari ikaingia humo ikabaki inachungulia barabara. Chini kulikuwa na mama wa chapati, watu wa boda wanne na mtoto anarudi na mkate.

Hesabu niliifanya nikiwa nimeshika kichwa. Gari kama hilo lina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Likianguka mita 20, linafika chini na kasi ya karibu kilomita 70 kwa saa. Na hakuna mtu Pipeline anavaa helmeti akienda dukani.

Tulishuka kimya. Hatukupanda tena.

Watatu, gari moja

Gari lilikuwa la watu watatu: mimi, jirani yangu ambaye ni fundi simu pale steji, na jamaa mmoja anayefanya kibarua Indasrio. Tulilinunua mtumba kwa shilingi elfu tisa, kila mtu akatoa elfu tatu. Ni lile la aina ya touring, kipimo cha moja kwa kumi: upana kama sentimita 19, bodi ya saluni, matairi ya mpira laini, mota inasukuma magurudumu yote manne.

Touring si gari la kuruka matuta. Ukitaka kuelewa, fikiria Safari Rally, ile iliyorudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 kule Naivasha. Gari la Safari huinuliwa juu na springi zake huachiwa nafasi kubwa ya kupanda na kushuka, kwa sababu njia ina mawe na vumbi la fesh-fesh. Touring ni kinyume chake. Linakaa chini, springi ngumu kiasi, linataka lami safi. Lilambishe mchanga kidogo tu na litakuonyesha madharau.

Mchezo wenyewe una umri. Kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa gari lake la kwanza la rimoti, Porsche 934, mwaka 1976. Huo ndio mwaka ambao Joginder Singh wetu alishinda Safari mara ya tatu. Kwa hivyo babu akikuuliza unacheza na mtoto wa nani, mwambie kitu hicho kimempita wewe umri.

Shida yetu ilianza na mikono mingi. Kila mtu alikuwa na funguo za nyumba ambamo gari lilikuwa linalala, na kila mtu alikuwa amesoma kitu mahali. Fundi simu alikuta shokabsoba za mbele zinavuja, akajaza mafuta ya injini ya boda. Jamaa wa Indasrio akaona gari linalala sana kwenye kona, akabadilisha springi za nyuma akaweka ngumu. Mimi pia niligusa kitu. Hakuna aliyemwambia mwenzake.

Baada ya siku ya tundu, maneno yakatoka. Fundi simu alisema tuliuziwa gari limepinda. Mimi nilikubaliana naye haraka sana, na sababu utaiona. Jamaa wa Indasrio hakutaka maneno. Kazi ilikuwa imepungua, kodi ni tarehe tano, yeye alitaka elfu tatu zake. Alishapata mnunuzi wa Donholm ambaye angekuja Jumapili kuliona. Likikimbia sawa, atatoa elfu tisa. Likizunguka kama pia, atalichukua kama spea, elfu tatu unusu kwa gari zima.

Tulikuwa na jioni tatu.

Rudisha kila kitu nyuma

Kitu cha kwanza tulichofanya ni kununua daftari la shilingi 20. Sheria ikawa moja: unabadilisha kitu kimoja, unaandika, unaendesha mizunguko mitano, unaandika tena gari lilifanya nini. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja na gari likapona, hujui dawa ni gani. Likizidi kuugua, hujui sumu ni gani.

Tukaanza na mafuta. Shokabsoba ndogo hizi hutumia mafuta ya silikoni, na uzito wake huandikwa kwa namba: 300 ni mepesi, 500 ni mazito zaidi. Mafuta ya injini yanafanya vile vipete vya mpira vya ndani vivimbe, shokabsoba inakwama, tairi inaruka badala ya kufuata barabara. Tulifungua za mbele, tukaosha na sabuni, tukaweka vipete vipya na mafuta ya 400. Ukijaza, sukuma pistoni polepole juu na chini mpaka mapovu yote yatoke. Hewa ikibaki ndani, upande mmoja utakuwa mlaini kuliko mwingine.

Kisha springi. Hapa watu wengi hukosea, hata mimi nilikuwa nadhani springi ngumu ndiyo nzuri. Kwa kawaida, upande unaoufanya mgumu ndio unaopoteza mshiko. Ukiweka springi ngumu nyuma, nyuma inachomoka. Ukiziweka mbele, gari linakataa kukata kona, linaenda moja kwa moja kama mathree iliyokosa breki. Nyuma yetu ilikuwa ngumu, kwa hivyo tukarudisha zile laini za mwanzo.

Jioni ya pili tulienda kujaribu. Kuna uwanja wa saruji nyuma ya duka moja la vifaa vya ujenzi kuelekea Tassia, na soja wa pale alituruhusu tuutumie wakishafunga, bora tufagie. Tulifagia. Gari likawa tulivu, halirukiruki tena. Lakini kushoto bado lilizunguka. Na kulia, ajabu, lilikuwa linakataa kona.

Fundi simu akasema, 'Nilikwambia limepinda.'

Kigae na kisu

Hiyo tabia ya kushoto hivi na kulia vile ndiyo ilifungua macho. Kama tatizo lingekuwa matairi yamekwisha, mafuta mabaya au springi ngumu kwa pande zote, gari lingekosea sawa kushoto na kulia. Likikosea tofauti, maana yake upande mmoja si sawa na mwingine.

Nilikuwa na kigae kikubwa kilichobaki wakati landilodi anarekebisha choo. Tukakilaza mezani, tukakinyanyua na makaratasi mpaka maji kwenye kisahani yakasimama sawa. Hapo ndipo unapimia gari, si sakafuni, kwa sababu sakafu zetu zina milima.

Kimo tulipima kwa kadi. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, kwa hivyo kadi nane zilizokwisha muda zinakupa milimita 6. Unazipitisha chini ya chasisi. Kwa saruji yetu tulitaka 7, yaani kadi tisa. Mbele zilipita. Nyuma kushoto zilipita kwa kusugua. Nyuma kulia zilipita na nafasi ikabaki.

Kisha kisu. Unaweka ncha yake katikati kabisa ya chasisi, nyuma, halafu unainua pole pole ukiangalia matairi mawili. Yanatakiwa kutoka chini kwa pamoja. Letu la kushoto liliruka kwanza, la kulia likabaki limekanyaga kigae.

Maana yake ni kama meza ya mguu mmoja mrefu. Tairi la nyuma kulia lilibeba mzigo kuliko mwenzake, na mshazari wake, la mbele kushoto, vilevile. Ukikata kushoto, uzito wa gari unakimbilia kulia na kumkuta yule wa nyuma tayari amejaa, na nyuma inaachilia. Ukikata kulia, mzigo unakwenda kwa yule wa mbele kushoto, mbele ndiyo inaishiwa na gari linakataa kona.

Fundi simu akachomoa shokabsoba ya nyuma kulia. Juu ya springi kulikuwa na kipete cha plastiki cha milimita 2. Ile ya kushoto haikuwa nacho.

Wote wawili wakaniangalia.

Ilikuwa hivi. Wiki mbili kabla, usiku, niliona nyuma imelala nikaamua kuinua. Niliweka kipete cha kulia. Cha kushoto kikanidondoka, kikaingia sijui wapi, na stima ikapotea. Nikasema kesho nitatafuta kingine. Kesho yake nikasahau, na siku ya tundu nilipokumbuka, niliona ni rahisi kumlaumu aliyetuuzia.

Niliwaambia hivyo hivyo. Jamaa wa Indasrio alicheka kicheko cha mtu aliyechoka. Akasema, 'Mse, ungeua mtu.' Sikuwa na jibu.

Tulitoa kile kipete. Kadi zikapita sawa pande zote mbili, matairi yakainuka pamoja. Ilichukua dakika moja.

Ukitaka kuanza

Kama una gari la aina hii na linakusumbua, anza hapa, kwa mpangilio huu. Angalia matairi kwanza: yawe ya aina moja, yamekwisha sawa, yasiwe na vumbi. Hakuna springi itakayookoa tairi iliyokauka. Kisha pima kimo, milimita 6 au 7 kwa lami ya mtaani, pande zote sawa. Kisha fanya ule mtihani wa kisu, mbele na nyuma.

Ndipo uende kwa pembe. Fundi wa alaimenti Grogan atakwambia 'kemba', yaani tairi kuinama. Juu yake iinamie ndani kidogo, digrii 1 hadi 2, na protrakta ya seti ya shule inatosha kupima. Ya pili ni 'tou', yaani matairi kuangalia wapi. Ya nyuma yaangalie ndani kwa digrii 2 au 3, hiyo ndiyo inatuliza mkia. Ya mbele yaache yaangalie moja kwa moja.

Betri ikiwa ya lipo, usiichaji ukiwa umelala wala usiiache peke yake. Nyumba zetu zimebanana, moto hauna jirani. Na usikimbize gari juu ya ploti. Hata likitulia vipi, betri ya rimoti ikizima halikusikii tena.

Jumapili mnunuzi alifika saa moja asubuhi. Jamaa wa Indasrio ndiye aliyeshika rimoti. Alizungusha gari kushoto mizunguko kumi kuzunguka ndoo ya rangi, halafu kulia kumi, na mstari wa tairi kwenye vumbi ukawa ule ule mmoja. Hatujawahi kuliona likikimbia hivyo, na lilikuwa likienda kwa mwenyewe.

Mnunuzi alihesabu elfu tisa. Tulimnakilia ukurasa wa vipimo. Jamaa alichukua elfu tatu zake na mimi nikamwongeza elfu moja kutoka zangu. Alikataa, kisha akapokea. Kodi ililipwa tarehe nne.

Daftari lilibaki kwetu, na kigae kiko nyuma ya mlango wangu. Tumeanza kuchanga tena, mia mbili mbili kwa wiki. Safari hii anayeshika bisibisi anashika na kalamu.