Kezilahabi Alipobadili Njia: Kweli na Uongo Kuhusu Uhakiki wa Vitabu

"Mwandishi anayeacha aina ya riwaya iliyompa jina ameishiwa."

Uongo, na mwandishi wa Tanzania Euphrase Kezilahabi anatosha kuwa ushahidi. Kuanzia Rosa Mistika (1971) hadi Gamba la Nyoka (1979) alitoa riwaya nne ambazo msomaji aliziingia kwa urahisi: kuna kijiji, kuna familia, kuna mtu anayeharibikiwa tukimwona. Kisha kikapita kipindi cha zaidi ya miaka kumi bila riwaya mpya, ndipo zikaja Nagona (1990) na Mzingile (1991). Ni vitabu vyembamba. Wakati ndani yake haufuati mstari, mahali hapatambuliki kwenye ramani, na msimulizi anatangatanga kati ya ndoto, visasili na mafumbo akiutafuta ukweli. Malalamiko kwamba hazieleweki hayajaisha hadi leo.

Lakini swali la Kezilahabi katika riwaya hizi halikuwa jipya. Katika Kichwamaji (1974), mhusika mkuu Kazimoto anajiuliza maisha yana maana gani, na mwisho anajiua. Riwaya ya uhalisia ilimfikisha Kezilahabi hapo, kwenye kifo cha mtu mmoja aliyekosa jibu. Kwa maoni yangu, alibadili mtindo kwa sababu swali lilikuwa bado linamsumbua na njia ya zamani ilikuwa imekwisha. Msomaji anayeifuata njia hiyo mpya anahitaji mhakiki, basi tuyapime pia madai kuhusu uhakiki wenyewe.

"Kazi ya uhakiki ni kukiuza kitabu."

Uongo. Hilo ni tangazo, na mchapishaji anajua kuliandika.

"Uhakiki ni muhtasari wa kisa, kisha dhamira, wahusika, muundo na mtindo."

Uongo, na huu ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu tumeurithi kutoka kwenye maandalizi ya mitihani. Orodha hiyo humsaidia mwanafunzi kuanza. Ila ukiipeleka kwa Nagona, ukatafuta mhusika mkuu na wahusika wadogo, mgogoro na suluhisho, utatoka mikono mitupu na kudhani kosa ni la kitabu. Hapa ndipo mhakiki anapohitajika kweli. Amwambie msomaji asiharakie kisa. Asome polepole, aangalie picha zinazojirudia, aisome Nagona pamoja na Mzingile kwa kuwa zinazungumza. Amweleze pia kwamba Kezilahabi alikuwa mshairi na msomi wa falsafa, na kwamba yote mawili yameingia kwenye riwaya hizi. Aya tatu za namna hiyo zinaweza kumbakisha mtu kwenye kitabu ambacho angekifunga ukurasa wa kumi.

"Uhakiki mkali huua kitabu."

Mara nyingi si kweli. Rosa Mistika ilipigwa marufuku shuleni, adhabu nzito kuliko neno lolote la mhakiki, na baadaye ikaja kusomwa shuleni humohumo. Diwani ya Kezilahabi, Kichomi (1974), yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani, iliingia katikati ya ugomvi mkubwa na washairi wa kimapokeo. Ugomvi huo ulikuwa mkali, lakini uliwalazimisha watu wa pande zote mbili kueleza shairi ni nini hasa, jambo ambalo sifa tupu zisingelifanya. Ninachokihofia mimi ni kitabu kutoka kiwandani na asitokee mtu wa kukiandikia hata aya moja.

"Mhakiki humwandikia mwandishi, ili amrekebishe."

Uongo. Kitabu kimeshachapishwa. Anayeandikiwa ni msomaji, na mwandishi akisikia, vizuri.

"Mwandishi akijaribu kitu kipya, mhakiki ampunguzie makali."

Nusu kweli. Ni haki kukipima kitabu kwa lile kililolikusudia: kuilaumu Mzingile kwa kukosa kijiji cha ujamaa kama kile cha Gamba la Nyoka ni kumdai mtu asichoahidi. Baada ya hapo makali yabaki palepale, maana upya peke yake si sifa. Naipenda sana Nagona, lakini kuna kurasa ambazo naona fumbo limefungwa mno, hata msomaji mvumilivu anabaki na maneno mazito asiyoweza kuyashika. Mhakiki azitaje kurasa za namna hiyo waziwazi, aonyeshe zilimshinda kwa lipi, halafu amwachie msomaji kazi ya kuzirudia mwenyewe.