Fahamu: Mtihani wa msimbo kabla ya kuajiriwa
Ukiomba kazi ya kuandika programu za kompyuta, shahada peke yake haitoshi. Kampuni nyingi hukutumia kwanza mtihani mtandaoni, mathalani kupitia HackerRank au Codility: maswali mawili matatu, saa ikihesabu, na mashine inayosahihisha kwa kuupitisha msimbo wako kwenye majaribio usiyoyaona. Jibu sahihi lenye mwendo wa kobe hukosa alama. Na kwa anayeufanyia Mbeya au Kisumu, umeme ukikatika huenda saa isisimame.

Shabaha ni kuchuja waombaji wengi. Lakini je, mtihani huo unapima kazi yenyewe? Mwaka 2015 Max Howell, aliyeunda programu mashuhuri ya Homebrew, alieleza kwamba Google ilimkataa baada ya kushindwa, kwenye usaili, kugeuza ubaoni mti wa data, yaani data iliyopangwa kama matawi. Kazini, swali la aina hiyo ni nadra. Kutwa ni kusoma msimbo wa wenzako na kusaka kosa.

Sasa akili unde hujibu maswali hayo kwa sekunde. Mwaka 2025 kampuni ya Canva ilitangaza kuwa inatarajia waombaji waitumie waziwazi kwenye usaili. Naona ni heri mwombaji apewe hitilafu halisi airekebishe, huku akieleza anavyofikiri.